Kinyonga Hapasuki

Katika Ijumaa zote nilizosimama mbele ya darasa, mwanangu, iko moja ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananichoma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu asiye na cheti, msichana wa Kanyakine, Meru, aliyetumwa kufundisha darasa la sita katika shule moja juu ya Kianjokoma, Embu, kule baridi ya mlima inakoshuka na kulalia majani ya chai. Jina langu ni Kagendo, lakini walimu wenzangu waliniita Redio, nami nililipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Kwanza nikueleze nilivyokuwa. Nilikuwa na njaa ya mambo ya ajabu. Siku hizo sukari ilifungwa kwa kipande cha gazeti, na mimi nikifika nyumbani nilimimina sukari kwenye kopo haraka haraka ili nisome gazeti. Hata karatasi ya nyama niliianika juani ikauka damu, kisha nikaisoma. Ndivyo nilivyojua kwamba mgomba si mti! Hauna ubao ndani, na kile tunachokiita shina ni majani yaliyokumbatiana tu. Nilimwambia hivyo mjomba wangu wa Mitunguu, mwenye shamba zima la ndizi, akaniuliza kama nimepanda gari hadi kwake kuja kumtukana. Nikajua kwamba nyuki dume hana mwiba. Nikajua kwamba kahawa, ambayo asili yake ni hapa jirani Uhabeshi, ilizunguka ng'ambo za bahari kwanza ndipo ikaja kupandwa kwetu. Na githeri je? Tunakiita chakula cha mababu, kumbe mahindi na maharagwe yote mawili yalitoka bara la Amerika, na mababu wa mababu zetu walikula mtama, wimbi, kunde na viazi vikuu. Mpaka leo nikipakua githeri nasisimka peke yangu jikoni, wajukuu wangu wakidhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Basi nikaanzisha mashindano darasani. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, niliuliza maswali ya ajabu, na aliyejibu vizuri alipata penseli mpya. Watoto waliyapenda sana. Wa darasa la saba walikuwa wakitoroka kazi ya bustani waje kusimama dirishani. Nami nilijiona nimefika, maana hakuna sumu tamu kama kusikilizwa ukiwa bado kijana.

Ijumaa hiyo nikauliza, "Ni mnyama gani ambaye hufa akizaa?"

Darasa zima likapaza sauti, "Kinyonga!"

Labda nawe umewahi kusikia hivyo. Kwetu Meru, na huko Embu vilevile, kila mtoto alijua kwamba kinyonga akifikisha siku zake hupasuka tumbo, watoto wakamwagika, naye akafa papo hapo. Tena kinyonga hakuna aliyemgusa. Wazee walisema ndiye aliyetumwa kuwaletea watu habari za uzima akajikokota njiani hadi kifo kikatangulia. Ukimwona, ulipita mbali, au ulimpiga mawe.

Nilikuwa nimeshika penseli nikitafuta wa kumpa, nikaona mkono umeinuka nyuma. Alikuwa Wawira, msichana mwembamba aliyelelewa na nyanya yake, ambaye angeweza kumaliza wiki nzima bila kusema neno.

"Madam, hafi," akasema. "Mimi nilimwona akizaa. Kwa fensi yetu ya miiba ya kayaba. Alizaa akaenda zake."

Mwanangu, ningeweza kumuuliza alimwona lini. Ningeweza kumuuliza watoto walikuwa na rangi gani. Kuuliza si ujinga, na mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza! Lakini darasa lilikuwa linaningoja, na wa darasa la saba walikuwa dirishani, na mimi nilikuwa Redio.

"Ala!" nikasema. "Kumbe tuna mkunga wa vinyonga hapa! Na kitovu ulikikata wewe?"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika hadi jikoni. Wawira hakuketi. Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Madam, si uongo. Nilimwona na macho yangu." Hapo nikakasirika. Nikamwambia asimame mbele na kurudia maneno haya: nimesema uongo mbele ya mwalimu. Akayarudia huku akitazama vidole vyake vya miguu. Penseli nikampa mwingine.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Jumatatu Wawira hakuja. Jumanne hakuja. Watoto walikuwa wameshampa jina, Mkunga, na walikuwa wakimfuata nalo njiani hadi mlangoni kwao. Nao ulikuwa msimu wa chai nyingi. Hapo juu, msichana aliyekosa shule wakati wa chai nyingi alitiwa kikapu mgongoni, na kikapu hicho hakikutuliwa tena. Nilikuwa nimeona wawili wakipotea hivyo tangu nifike. Jumatano jioni nikafunga leso kiunoni, nikaenda kwao, na nakuapia nilikwenda kumgombeza.

Nilimkuta Wawira kweli kati ya michai, kikapu mgongoni. Aliponiona aliinama zaidi. Nyanya yake, Marigu, alikuwa ameketi juu ya gunia akichambua majani magumu. Mama huyo hakujua kusoma hata jina lake. Yeye alisema Kiembu, mimi nikajibu Kimeru, na tukasikizana vizuri sana, pengine kuliko nilivyotaka.

"Mwalimu," akaniambia baada ya kunipa uji, "wewe umemwona kinyonga akipasuka?"

"Cucu," nikamwita, kama nyanya wanavyoitwa huko, "kila mtu anajua."

"Kila mtu hayuko hapa. Nauliza macho yako."

Nikakumbuka kitu, nikafurahi kama aliyeokota ushahidi. "Nimeona! Nikiwa mdogo, Kanyakine, karibu na mto. Tumbo limepasuka na watoto wamemwagika nje."

"Na nani alikuwa amemkuta kabla yako?"

Walikuwa wavulana wa jirani. Walikuwa bado na mawe mikononi.

Marigu hakucheka wala hakukemea. Aliendelea kuchambua chai yake. "Hata mimi niliambiwa hupasuka," akasema. "Hata mimi namwogopa, simkaribii. Lakini mtoto huyu hajanidanganya tangu aanze kusema. Alipokivunja chungu changu alikuja mwenyewe kuniambia. Sasa mimi sijui na wewe hujui, tuko sawa. Tofauti ni kwamba mimi sikumwaibisha mtu kwa jambo nisilolijua."

Maneno hayo yaliniingia kama baridi ya asubuhi, lakini kiburi cha miaka kumi na tisa hakifi kwa siku moja. Nikasema, "Basi tuone."

"Vizuri," akasema. "Yuko mmoja kwenye ua wetu wa kayaba sasa hivi, tumbo limejaa. Utakuja kila asubuhi umtazame. Akipasuka, Wawira atakuja shule kukuomba radhi. Asipopasuka, utaomba wewe, mbele ya hao hao waliocheka. Mpaka hapo mtoto harudi."

Nilikubali upesi. Nilikuwa na hakika nitashinda.

Asubuhi ya kwanza nilisimama hatua tano kutoka kwenye ua. Wawira alinionyesha kwa kidole alipo kinyonga, bila kunitazama. Nilichukua muda kumwona, kisha mwili ukanisisimka wote. Alikuwa kwenye tawi la kayaba katikati ya miiba, mnene, mweusi karibu kama mkaa. Baridi ilikuwa kali. Jua likatoka juu ya michai, likampiga ubavuni, na mbele ya macho yangu upande ule ukaanza kuwa kijani! Jani halikubadilika. Tawi lilikuwa lile lile. Mimi niliyekuwa nimefundisha kwamba kinyonga hugeuka rangi kufuata anapokaa, nikaona kumbe alikuwa mweusi ili aote jua, na alipopata joto akavaa kijani chake.

"Akikasirika pia anakuwa ingine," Wawira akasema polepole. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ijumaa.

Nilifika shuleni nikikimbia, na siku nzima nilingoja kesho. Asubuhi ya pili nikasogea hatua mbili. Nikaona jicho moja likinitazama mimi na jingine likimtazama nzi nyuma yake, kila moja likizunguka kivyake. Asubuhi ya tatu nikauona ulimi. Mwanangu, ulimi wa kinyonga ni mrefu kuliko mwili wake! Ulitoka, ukarudi, nzi hayupo, na mimi nilikuwa bado sijapepesa jicho. Nikapiga kelele kama mtoto. Wawira akacheka, kisha akakumbuka kwamba amenikasirikia, akanyamaza.

Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu hapo uani. Alinionyesha dume kwenye tawi la mbali, mwenye pembe tatu usoni, na kuniambia kwamba huyu wetu hana kwa sababu ni jike. Nilimuuliza alijuaje, akasema, "Nimewaangalia tu, Madam." Aliwaangalia tangu akiwa mdogo, kila alipotumwa kuni. Hakuwa amesoma popote. Mimi nilikuwa nimesoma magazeti ya sukari yote ya Kianjokoma, na sikuwahi kusimama kumtazama kinyonga mmoja akiwa hai.

Ijumaa hiyo, siku ya pili, nilisingizia kuumwa kichwa, nikawapa watoto hesabu badala ya maswali. Walinung'unika sana. Jumamosi na Jumapili pia nilikwenda, na Jumapili nilichelewa kanisani.

Asubuhi ya nane, Alhamisi, tulimkuta ameshuka tawi la chini. Mkia ulikuwa umeshika mti kwa nguvu. Wawira akanivuta leso. "Madam, ni leo." Marigu mwenyewe, aliyeapa kwamba hamkaribii, alikuja na fimbo yake akasimama nyuma yetu, akichungulia juu ya bega langu.

Kikatoka kitu kama tone la ute, kikaanguka juu ya jani. Ndani yake alikuwa amejikunja kinyonga mzima, mdogo, urefu wa kidole changu cha mwisho, na nusu yake ni mkia. Nilidhani amekufa. Kisha akajinyoosha, ute ukapasuka, akafumbua macho yale ya kuzunguka, akashika kijiti na kuanza kutembea! Hakufundishwa na mtu. Hakungoja kunyonya wala kulambwa. Alikwenda kwa ule mwendo wao wa kusita na kuyumba, kama mzee anayevuka mto. Mama akasogea kidogo, akaangusha wa pili. Akasogea, wa tatu. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Wawira bila kujua, tunahesabu pamoja kwa kunong'ona, na machozi yananitoka, na sijui hata leo kama yalikuwa ya aibu au ya furaha. Kengele ya shule ililia huko chini, nikaisikia, na sikuondoka.

Alipomaliza alikuwa amekonda, ngozi imelegea. Alitulia. Kisha akafungua mdomo, akamrukia nzi kwa ulimi, akala.

"Hajapasuka," Marigu akasema. "Kwa hiyo miaka hii yote tulimpasua sisi wenyewe, halafu tukasema ni desturi yake."

Nilifika shuleni saa nne, sketi imechanwa na miiba. Mwalimu mkuu alikuwa ananingoja. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, na kwamba kesho nitaomba radhi mbele ya darasa. Akanitazama kama mtu aliyekunywa maji ya moto.

"Kagendo, sikia. Mwalimu akikosea, anakosea hapa ofisini, mlango umefungwa. Darasa si pahali pa mwalimu kumwomba mtoto radhi. Leo ni kinyonga, kesho watakusahihisha na hesabu. Na ile barua yako ya kwenda chuo cha ualimu bado iko kwa droo yangu."

Aliigonga droo hiyo kwa kidole mara mbili. Sikulala vizuri siku hiyo, sitakudanganya. Barua hiyo ndiyo iliyokuwa njia yangu, na baba alikuwa ameshawatangazia watu wa Kanyakine kwamba binti yake anakwenda chuo. Nilijiambia kwamba naweza kumwomba Wawira radhi nyumbani kwao, kimya kimya, itoshe. Lakini aibu niliyompa haikuwa ya kimya kimya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ulikuwa mbele ya watoto arobaini.

Ijumaa, kipindi cha mwisho, madirisha yalikuwa yamejaa vichwa. Mlangoni alisimama Wawira na sare yake, nyanya yake nyuma yake na fimbo. Hakuingia. Alikuwa anangoja, kama tulivyokubaliana.

Nikauliza, "Ni mnyama gani ambaye hufa akizaa?"

"Kinyonga!" wakapaza sauti, na wengine wakageuka mlangoni wakacheka.

"Nami nililikubali jibu hilo wiki mbili zilizopita," nikasema. "Tulikosea. Jana nimemwona kinyonga akizaa. Hakupasuka, na hakufa. Wawira alisema kweli, na mimi nikamlazimisha kusema amedanganya. Mwongo siku ile nilikuwa mimi, maana nilisema najua na sikujua. Wawira, nisamehe."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilichutama, mwanangu, na hakuna aliyecheka. Ungesikia hata chai ikikua. Nikaona ni vyema niwaeleze walichokosa, na furaha ya jana ikanirudia kwa kasi, nikaanza kuchora ubaoni: ua, tawi, tone la ute, mtoto anayeamka na kutembea. Watoto walikuwa wamesimama juu ya madawati kuona vizuri.

"Na alizaa watoto kumi na nane!" nikasema, nikaandika kumi na nane kwa herufi kubwa.

Kutoka mlangoni sauti ndogo ikasema, "Kumi na tisa, Madam."

Darasa zima likageuka kunitazama. Mwalimu mkuu, ambaye sikujua yupo, alikuwa amesimama dirishani kati ya watoto wa darasa la saba. Nilisikia damu ikipanda masikioni, ile ile ya Ijumaa ya kwanza, na ulimi wangu ukawa tayari na utani wake.

Nikaumeza utani huo. "Wa kumi na tisa alikuwa wapi?"

"Alianguka nyuma ya jani. Madam ulikuwa unapangusa macho."

Nikafuta nane, nikaandika tisa, nikamnyoshea chaki. "Njoo umchore."

Akaingia. Alipita katikati ya madawati, akachukua chaki mkononi mwangu, akamchora wa kumi na tisa nyuma ya jani, na mkia wake umejikunja vizuri kuliko wa kwangu wote. Hakurudi mlangoni tena. Alikwenda kuketi mahali pake, na nyanya yake akaondoka na fimbo yake bila kuaga.

Usingoje nikuambie kwamba Wawira alikuja kuwa daktari mkubwa. Alimaliza shule, akaolewa upande wa Runyenjes, ana michai yake na mizinga yake ya nyuki, na hanisazi. Juzi nilimwambia kwa simu kwamba kinyonga hatagi mayai, akanikatiza: "Madam, wa kwetu huyo wa pembe tatu ndiye anazaa. Wako wengine wanataga na kufukia kwa mchanga. Nimewaona." Barua yangu nayo ilikaa kwenye droo mwaka mzima. Nilikwenda chuo nikiwa nimechelewa, na sijawahi kujuta.

Nanyi vijana wa leo mna simu, na mambo ya ajabu yanawajia kabla hamjaosha uso. Ninayapenda! Nitumieni, msichoke. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, na kupeleka habari mbele si kuijua. Kabla hujasema kila mtu anajua, jiulize umeonaje, na aliyekuambia alionaje, na kama kuna aliyekuwa ameshika jiwe kabla hujafika. Akija mdogo wako, au mjakazi, au bibi asiyejua kusoma, akasema nimeona, usimcheke. Muulize wapi, muulize lini, kisha fungeni viatu mwende mkaone pamoja. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na ukimkosea mtu mbele za watu, usimtafute gizani kumwomba radhi. Rudi palepale ulipomwangusha, mbele ya walioona, umwinue. Utasahihishwa tena siku hiyo hiyo. Mshukuru, kisha futa na uandike upya.

Ningekuwa karibu, mwanangu, ningekutemea mate kidogo kifuani kama walivyotubariki wazee wa Meru na Embu. Kwa kuwa uko mbali, yapokee kwa maneno. Mungu wa mlima akupe macho yasiyochoka kushangaa. Akupe watu wa kukusahihisha, na uso wa kuwatazama wakikusahihisha. Na kila utakayemwaibisha kwa kutojua, akupe siku ya kumwona akiingia tena mlangoni.